Maporomoko Yaliyogeuzwa

Sura ya Sita

Katika mji ule mtu haulizwi kwao ni wapi. Huulizwa anajifutia wapi. "Unajifutia wapi, ndugu yangu?" Naye hujibu bila kusita, "Najifutia Ziwa Mhelo," au "Sisi tunajifutia Msitu wa Kwandoro tangu enzi za babu," na hapo aliyeuliza ameshaujua ukoo wa mwenzake, mboga anayoipenda na jinsi wanavyolia misibani. Kila mkazi ana taulo moja la kuogea, refu kumzidi yeye mwenyewe, na juu yake imechapwa picha ya mahali alikotoka: ziwa na ukungu wake wa asubuhi, msitu uliopigwa na jua la pembeni, bonde lenye maua ya njano yasiyonyauka. Mahali penyewe pamefungwa. Ofisi ya Mandhari ilipafunga zamani sana, au juzi, vitabu havikubaliani, kwa maelezo kwamba mahali pakikanyagwa mno panachakaa. Watu wakahamishiwa mjini, wakapewa picha. Ukitaka kujua ni nani aliyeipa Ofisi haki ya kulifunga ziwa, uliza. Wengi wameuliza, na wote wamejibiwa kwa taulo jipya.

Zamda ndiye aliyekuwa akiyapiga pasi mataulo hayo, na alikuwa hodari, na alijijua.

Kazi yenyewe ni hivi. Picha huja imechapwa kwenye karatasi. Karatasi hulazwa kifudifudi juu ya kitambaa cheupe, bapa la chuma lenye moto linashuka, mvuke unafoka pembeni, Zamda anahesabu hadi arobaini, anainua. Rangi yote imehama. Karatasi imebaki imepauka, imekwisha kusema ilichokuwa nacho, na kitambaa ambacho dakika moja iliyopita hakikuwa na kwao sasa kina mlima. Lakini kwa kuwa karatasi hulazwa kifudifudi, kilichokuwa mkono wa kulia kwenye karatasi hutua mkono wa kushoto kwenye taulo. Kwa hiyo karatasi inayofaa ni ile inayoonyesha mahali kinyume. Mpiga pasi mzuri huitazama karatasi, akaona imekosea, akaridhika. Akiiona iko sawa, airudishe mbio ilikotoka. Hiyo ndiyo elimu yote ya kazi ile, na Zamda aliishika miaka kumi na miwili bila kuharibu hata taulo moja. Maziwa arobaini, misitu mia, jangwa zima la Ukavu lenye vilima vyake vinavyofanana, vyote vilipita mikononi mwake, na kila kilima kilitua mahali pake.

Sasa mtu akikaa na kulifikiria taulo, halifikiriki kwa haraka. Lina pande mbili. Upande wa picha ni laini, unang'aa, na hauna haja na maji; ukijipangusa nao, maji yanahama tu kutoka begani kwenda kiunoni na wewe unabaki ulivyokuwa. Upande wa nyuma ni mweupe, una manyoya, hauonyeshi chochote, na ndio unaokausha. Jambo hili liliandikwa kwenye kipande kidogo cha kitambaa kilichoshonwa pembeni, lakini nani angejifuta kwa upande usio na chochote wakati kwao kuko upande wa pili? Watu wa mji ule walijifuta kwa mandhari. Walijikandika ziwa usoni, wakajisugua msitu makwapani, wakavaa nguo zao wakiwa wabichi, wakaenda kazini. Ndiyo maana ofisi zote zilinuka unyevu, na viti vya mabaraza vilikuwa na alama za makalio, na watoto walikohoa kuanzia Januari hadi Desemba. Waliona fahari. Mkavu katika mji ule alitazamwa kama mtu asiye na asili. Na Ofisi ya Mandhari, ambayo watumishi wake wote walikuwa wakavu kabisa, haikuona sababu ya kuwaambia watu wageuze taulo.

Je, mtu ni wa mahali, au mahali ni pa mtu? Na kama mahali pamekuwa kitambaa, na kitambaa kimetundikwa msumarini, anayekitundika ni nani kwa mahali hapo? Zamda hakujiuliza maswali haya. Aliyaacha yajiulize yenyewe wakati yeye akihesabu hadi arobaini.

Siku ilipoletwa karatasi ya Maporomoko ya Shingwe, aliamka akiwa na miaka thelathini na mmoja. Kufika saa nne alikuwa na saba. Alikuwa na saba kwa sababu karatasi ilifunguliwa mezani na pale palikuwa kwao: maji yanayoporomoka katikati, meupe, bwawa chini yake, mto unaomjia mtazamaji, ng'ambo ya kushoto, matete na tope lisilo na mwisho, na ng'ambo ya kulia, juu ya kinundu cha udongo mwekundu, nyumba ya mama yake. Mlango wa bluu. Tangi la maji alilowahi kulipanda akashindwa kushuka. Nyumba ile ilibaki kule, na mama yake akabaki ndani yake, kwa kuwa Ofisi ilipowahamisha watu wa Shingwe ilikuta nyumba moja imeingia kwenye picha, na sheria inasema kilichoingia kwenye picha hakiondoki. Mama huyo, Bi Tunu, aliandikwa kuwa sehemu ya mandhari. Alitakiwa kukaa nje ya mlango wake kila siku saa ya mwanga mzuri, na kwa hilo akaachwa aishi.

Zamda aliitazama karatasi akaona kila kitu kiko pale anapokijua. Nyumba kulia, tope kushoto. Moyo wake ukajaa furaha, furaha ya kweli, ile inayomfanya mtu atabasamu peke yake mbele ya mashine. Akailaza karatasi kifudifudi. Akashusha bapa. Akahesabu arobaini, akainua, akalitupa taulo kwenye rundo, akachukua la pili. Yalitoka mataulo elfu nane.

Mnaona alichofanya. Yeye hakuona.

*

Mkaguzi Lukindo alifika karakana asubuhi moja yenye manyunyu, akiwa mkavu. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya upole, wa aina ile ambayo hukuarifu habari mbaya huku ikikusogezea kiti. Kwapani alikuwa na taulo la Shingwe limekunjwa mara nne.

"Habari za kazi, dada Zamda."

"Nzuri, bwana mkaguzi. Karibu."

"Starehe. Wewe ndiye uliyepiga pasi hili?"

Zamda aliitazama chapa yake pembeni mwa taulo. "Ndiyo mimi. Lina kasoro?"

"Taulo halina kasoro," alisema Lukindo, akalikunjua juu ya meza ya mashine. "Rangi zimekaa, pindo liko sawa. Kazi nzuri sana. Kasoro iko Shingwe. Wachunguzi wetu walikwenda wiki iliyopita kulinganisha, wakakuta nyumba iko ng'ambo ya pili. Hapa kwenye taulo iko kushoto. Kule iko kulia. Shingwe pamekosea."

Zamda aliitazama nyumba ya mama yake ikiwa imesimama juu ya tope, mlango wa bluu ukitazama upande ambao haukuwahi kutazama. Akaijua karatasi. Akaujua mkono wake. Aliweka kidole juu ya mlango wa bluu.

"Bwana mkaguzi, mahali hapajakosea. Nimekosea mimi. Karatasi ilikuja ikiwa sawa, nami nikaiacha ipite. Ilitakiwa niirudishe. Niandikie kosa, yachomwe, tupige mengine."

Lukindo alitikisa kichwa taratibu, kwa huruma kabisa.

"Dada yangu, ukikosea wewe tumekosea sisi. Sisi tukikosea, kuna mtu ataliangalia ziwa lake na kujiuliza. Kesho ataulizia msitu. Kesho kutwa atataka kwenda kuangalia. Elfu nane wameshajifuta kwa picha hii, na wengine wameshafundisha watoto: kwetu nyumba iko kushoto. Unataka nikawaambie nini? Ofisi haina fomu ya kukosea. Nimeitafuta, haipo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nyumba inahamishwa. Itabomolewa ijengwe ng'ambo ya kushoto, kama inavyotakiwa. Mafundi wanangoja getini. Ni kazi ya siku mbili."

"Ng'ambo ya kushoto ni tope. Nyumba itazama na mwenyewe ndani."

"Kwenye picha haijazama," alisema Lukindo.

Alimweleza, akiwa bado na upole wake, kwamba utaratibu unamtaka mpiga pasi awepo. Ndiye atakayelishika taulo mbele ya mahali penyewe, pembe mbili za juu, mikono imenyooka, ili mkaguzi alinganishe na kutia sahihi. Cheo hicho kinaitwa mshika taulo. Akamkumbusha pia kwamba mwezi ujao Zamda anatajwa kuwa mkuu wa mashine zote, na kwamba Ofisi inamwamini. Hakumtisha. Angemtisha, ingekuwa nafuu.

Zamda alizima pasi, akavua aproni, akaikunja. "Twende," alisema.

*

Njia ya kwenda Shingwe haina urefu maalumu. Walipotoka getini ilikuwa kiangazi. Kufika kwenye vichaka vya mibono vya mwanzo mvua ilikuwa imenyesha na kukatika mara tatu. Mafundi waliokuwa nyuma walianza safari wakiwa vijana saba, mahali fulani wakawa wazee, wakaketi kando ya njia kupumzika, na kwa jinsi walivyoketi ilionekana wazi kuwa watachelewa. Lukindo hakujali. Alikuwa akitazama nyasi. Alikuwa mkaguzi wa mandhari na hakuwahi kuona nyasi zikiinama na kuinuka tena.

Zamda alitembea na taulo begani, akizungumza bila kufungua mdomo.

Nimeweka mama yangu topeni. Kwa mkono huu.

Maziwa ya watu niliyakagua. Nikayaangalia kwa jicho kavu, kushoto kwake kulia, kulia kwake kushoto, peleka. Yangu sikuyakagua. Niliyafurahia.

Basi furaha ni upofu? Hapana, sikubali. Niliona vizuri kuliko siku zote. Niliona kila kitu mahali pake. Ndiyo iliyokuwa kasoro, kwamba niliona.

Nani alisema ukweli lazima upite kinyume kwanza ndipo uwe sawa? Mashine. Mashine ndiyo iliyosema, nasi tukaiitikia miaka kumi na miwili.

Wakibomoa ukuta wa jikoni nitasimama mbele yake. Nitasimama hivihivi. Lukindo ataniambia kwa upole nisogee. Sitasogea.

Hapana. Kusimama mbele ya ukuta ni kitu cha mtu asiyejua kazi. Mimi najua kazi. Lipo jambo hapa, niliangalie vizuri, liko mbele yangu kama ile karatasi ilivyokuwa mbele yangu.

Aliliangalia njia nzima bila kuliona. Lakini hakuwa na hofu tena, na hilo linafaa kusemwa waziwazi, kwa maana wengi wangekuwa nayo. Alikuwa na hasira tulivu ya fundi aliyepewa kifaa kibovu akaambiwa ndicho kizuri.

*

Bi Tunu alikuwa amekaa nje ya mlango wake kama sheria inavyotaka, ila alikuwa ameipa kisogo ile pembe ambayo Ofisi hupigia picha, na alikuwa akichambua mchele. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye macho ambayo yalianza kucheka kabla ya uso. Alipomwona Zamda hakuinuka. Alisogeza ungo pembeni tu, kumpisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Na huyu kaka mkavu ni nani?"

"Ni mkaguzi Lukindo, mama. Ametoka Ofisini."

"Karibu, baba. Maji ya kunywa yapo, ya kuoga yako pale mbele yako yanaanguka."

Lukindo alishukuru, akaketi kwenye kigoda alichoonyeshwa, akaeleza. Alieleza vizuri, mwanzo hadi mwisho: elfu nane, kushoto, kulia, mafundi, siku mbili. Zamda alisimama mbele ya mto akalinyoosha taulo kwa pembe zake za juu, mikono imenyooka, na hapo pakawa na Shingwe mbili, moja ikipiga kelele na nyingine kimya, kila moja ikiikana mwenzake. Bi Tunu alizitazama zote. Alilitazama taulo kwa muda mrefu zaidi, kisha akamtazama binti yake, na hakusema kitu juu ya alichokiona.

"Hebu nieleweshe, baba," alisema. "Mimi nikienda maporomokoni, nyumba yangu iko mkono wa kulia. Nikirudi, iko mkono wa kushoto. Miaka yote ni hivyo, kila siku kulia mara moja na kushoto mara moja. Nyie mnataka ya kwenda au ya kurudi?"

"Picha inaonyesha maji, mama," alisema Lukindo. "Anayerudi ameyapa maji mgongo. Hayaoni. Kwa hiyo picha ni ya kwenda."

"Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Lakini Zamda alikuwa ameshusha mikono. Aliona. Lilimjia lote kwa mara moja, lina mwanga na mvuke: yupo anayeyatazama maji na kurudi kwa wakati mmoja. Yupo. Amewahi kuwa yeye mwenyewe, akiwa na miaka saba, au leo asubuhi.

"Bwana mkaguzi," alisema, "umekagua Shingwe kutoka upande mmoja tu."

"Una upande mwingine?"

"Nyuma ya maji. Kuna kibaraza cha mwamba, mtu anapita. Ukisimama pale, maji yako mbele yako, mto unakwenda kutoka kwako, na kila kitu kinaonekana kupitia kwenye maji. Twende ukapime. Kama picha na mahali havilingani, mimi mwenyewe nitang'oa mlango wa kwanza."

Lukindo aliyatazama maji. Aliitazama suti yake. Mtu anaweza kuwa mwongo wa kazi na bado akawa mwaminifu kwa kazi yenyewe, na Lukindo alikuwa hivyo. Palipotajwa kupima, alipima. Alivua viatu, akavipanga sawasawa jirani na ungo wa mchele.

Waliingia kwa ubavu, wakiushika mwamba, na maji yaliwapiga bila kuuliza vyeo. Taulo Zamda alilikumbatia kifuani. Kule nyuma palikuwa na nafasi ya watu wawili, giza la kijani, na ngurumo iliyofanya kila wazo libaki lilipo. Mkaguzi alilowa kuanzia utosini. Alishika ukuta, akahema, akafungua kinywa kama mtoto mchanga anayeogeshwa mara ya kwanza, na Zamda aliona wazi kwamba mtu huyu, aliyewatia watu wote wa mji ndani ya mataulo, hajawahi kuguswa na maji yaliyokuwa yanakwenda mahali.

"Tazama," alimwambia sikioni. Akanyoosha taulo.

Lukindo alitazama. Mbele yake maji yalishuka yakiwa na nuru ndani yake, na kupitia kwenye maji, yakitikisika lakini hayana shaka, yalionekana bwawa, na mto ukiondoka, na kulia matete na tope, na kushoto, juu ya kinundu chekundu, nyumba. Mlango wa bluu. Mwanamke mfupi akichambua mchele. Akalitazama taulo. Akatazama mbele. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko utaratibu unavyotaka, na mara za mwisho hakuwa akilitazama taulo tena.

"Viko sawa," alisema hatimaye. Ilibidi apige kelele ili asikike, na alivyopiga kelele upole wote ulimtoka, ikabaki sauti ya mtu tu. "Viko sawa, dada Zamda. Ni mahali hapahapa."

Alitoa fomu ndani ya mfuko wa nailoni. Aliandika akiwa ameigemeza kwenye mwamba: Imelinganishwa. Mahali hapana kosa. Taulo halina kosa. Kisha kalamu ikasimama.

"Kuna mstari mmoja," alisema. "Kila picha ina aliyesimama. Haiwezi kuwa imeonwa na mwamba. Lazima pawe na jina la mtu ambaye haya ndiyo anayoyaona, na mtu huyo asimame hapa kila wanapokuja kukagua. La sivyo, hii ni picha ya hakuna mtu, na mafundi waendelee." Akamtazama. "Na unajua sheria. Anayepiga pasi hawezi kuwa aliyeona. Ukiandika jina lako, hurudi tena kwenye mashine. Hata kuigusa."

Alijua. Aliipenda kazi ile. Niseme kweli, aliipenda kuliko wengi wanavyowapenda watu wao: joto la bapa, mvuke, uzito wa kitambaa kinapopokea mlima. Alikuwa bora kuliko wote, na mwezi ujao wote wangelisema hivyo hadharani. Alilifikiria jambo hilo kikamilifu, kwa sababu hakuwa mtu wa kujidanganya kuwa anachokitoa ni kidogo. Lilimuuma. Lilimuuma pale pale kifuani alipokuwa amelishika taulo. Halafu akanyoosha mkono, akapokea kalamu, akaandika jina lake lote, Zamda binti Tunu, kwa herufi kubwa zilizonyooka, na wino haukutambaa ingawa karatasi ilikuwa na unyevu.

*

Walipotoka, Lukindo alikuwa akitetemeka hata meno yakawa yanasikika. Alilichukua taulo kwa Zamda akaanza kujipangusa kwa upande wa picha, akiyasugua maporomoko shingoni, na maji yakahama kutoka shingoni kwenda mgongoni, yakakaa huko. Alisugua tena. Alionekana kama yuko tayari kulia.

"Geuza," alisema Zamda.

"Nini?"

"Taulo. Geuza. Upande mweupe uje mwilini."

Aligeuza. Upande usio na chochote ukayanywa maji yote, begani, kifuani, masikioni, na Lukindo akasimama kwenye jua akiwa mkavu, ila sasa alikuwa mkavu wa mtu aliyekuwa amelowa, na huo ni ukavu mwingine. Picha ilikuwa nje, mgongoni kwake, inamtazama kila aliyekuwa nyuma. Alivaa viatu vyake. Alimuaga Bi Tunu kwa mikono miwili, akaanza kurudi mjini bila haraka, na alipowakuta wale mafundi wazee kando ya njia alionekana akiketi nao, akinyoosha mkono mara kulia, mara kushoto, akiwaonyesha jambo.

Mama na mwana walibaki. Maji yaliendelea na shughuli yake. Zamda aliketi chini, akauchukua ungo, akaanza kuchambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na ikabaki hivyo hadi jioni.

"Mama."

"Naam."

"Nyumba ilikuwa ibomolewe kwa sababu yangu. Ile karatasi ni mimi niliyeipitisha. Nilimwambia mkaguzi, akakataa. Hakuna anayelitaka hilo kosa. Nakuambia wewe. Nilikosea."

Bi Tunu alitoa chuya moja kwenye ungo, akaitupa nyuma ya bega.

"Najua, mwanangu."

"Unajua?"

"Tangu uliponyoosha lile taulo pale. Wakaguzi wanapita hapa na mataulo ya watu chungu nzima, wananionyesha, wanajisifu. Mhelo, Kwandoro, jangwa la nani sijui. Yote yako sawa, hakuna jani lililokosea upande. La kwetu tu ndilo limegeuka." Alimtazama binti yake, na macho yalikuwa yameshaanza kucheka. "Nikasema, basi hili amelipiga Zamda mwenyewe. Mtu baki asingeweza kuliharibu hivi."

Zamda aliinamisha kichwa juu ya mchele akalia, kwa sauti, bila kujificha, na mama yake akamwacha alie mpaka akamaliza. Kisha akainuka kwenda kuteleka sufuria, akauacha mlango wazi.